Bunduki ya babu na hadithi ya Tabora

Katika jamaa nyingi za Maniema kuna kitu cha wazee kinachopita toka baba mpaka mwana: mkuki, kiti, ngoma. Kwetu, upande wa Kasongo, ni bunduki. Inatolewa tu wakati wa kilio cha mkubwa wa jamaa, inapakwa mafuta ya ngazi, kisha inarudishwa mahali pake. Haipigi tena.

Juu ya asili yake tulirithi hadithi mbili. Baba wakubwa wanasema: "Ni ya Tabora. Babu aliinyanganya Mjerumani kule." Kweli, Force Publique iliingia Tabora tarehe 19 mwezi wa tisa 1916, na watu wa Maniema walikuwamo, askari na wapagazi. Wengine wanasema ni ya wakati wa Waarabu, mbele Dhanis hajakamata Kasongo katika mwezi wa ine 1893.

Sisi walimu tunafundisha wanafunzi kuuliza kitu chenyewe, si hadithi peke. Basi tuliipangusa, tukaitazama. Ina nyundo kando, na juu ya mahali pa kutia risasi kuna kifuniko kinachoinuliwa kuelekea mbele. Inapokea risasi moja tu, nene, ya milimita 11. Hiyo ni Albini, ambayo Ubelgiji ilichagua mwaka 1867, na ambayo baadaye ikawa silaha ya basoda wa Bula Matari. Mauser za zamani za askari wa Wajerumani zilifunguliwa kwa kuvuta komeo nyuma. Basi si ya Mjerumani.

Tena kwenye chuma kuna alama ndogo ya mviringo: herufi ELG, nyota chini, taji juu. Ni alama ya nyumba ya Liège ambamo bunduki zilijaribiwa, na taji liliongezwa mwezi wa saba 1893. Kasongo ilikuwa imekwisha anguka. Basi si ya Waarabu.

Hapo neno likawa gumu. Bunduki ilikuwa mali ya Serikali, na askari aliyemaliza kazi alipaswa kuirudisha. Kwa nini yetu ilibaki, tena ikafichwa katika nyasi za paa muda wote wa Wabelgiji? Shangazi, aliye mzee kuliko wote, alicheka kidogo: "Mutoto yangu, ile bunduki hakuna mutu aliipewa. Ilitoroka na mwenyewe."

Historia inajua watu wa namna hiyo. Askari waliasi Luluabourg mwaka 1895, wakiwa na uchungu wa fimbo na wa kifo cha Ngongo Lutete, aliyeuawa na Wabelgiji mwaka 1893. Wengine wa safari ya Dhanis waliasi Ndirfi mwaka 1897. Mbele ya watu wa Serikali, mjukuu wa mshindi wa Tabora alitembea kichwa juu. Mjukuu wa mwasi angefungwa kamba. Ndiyo maana wazee wetu walisema Tabora.

Baba mkubwa mmoja alitulaumu: "Munatuondolea ushujaa." Tulimjibu kwa heshima: baba, kumkatalia Bula Matari, na kuficha silaha yake miaka yote ile, huo si ushujaa? Alinyamaza, lakini katika kilio kilichofuata aliacha shangazi aseme yake kisha yeye akasema yake.

Wenye kuwa na vitu kama hivi wasifute alama kwa msasa. Waandike maneno ya kila mzee, wakingali nasi, hata kama hayapatane.