Kobalt, mirabaha na washkaji wa studio

Najua wiki hii kila mtu kajichimbia kwenye madesa, ila ngoja niwapumzishe na stori ya kampuni moja iliyonikaa kichwani: Kobalt.

Ilianzishwa London mwaka 2000 na Msweden mmoja, Willard Ahdritz, ambaye mwenyewe ni mpiga saksafoni. Kazi yake kubwa ni kufuatilia mirabaha: wimbo ukipigwa redioni Ujerumani au ukisikilizwa kwenye intaneti kule Brazil, mtunzi alipwe. Basi. Inasikika rahisi eeh? Wapi bwana!

Angalia. Wimbo mmoja una haki mbili: kuna utunzi, yaani maneno na melodi, halafu kuna rekodi yenyewe. Utunzi una namba yake inaitwa ISWC, rekodi ina yake inaitwa ISRC. Sasa wimbo wa siku hizi unaweza kuwa na watunzi sita, kila mmoja na asilimia yake na wakala wake. Hela inapita chama cha nchi ile, inakuja kwa wakala, kisha wakala wa wakala, na kila mmoja anakata chake. Mpaka imfikie mwenye jasho, muda umepita kweli kweli na imebaki ya vocha.

Jamaa akajenga programu ya kuhesabu hayo yote, tena mtunzi anaingia mwenyewe na kuona hela yake imetoka wapi. Halafu hakung'ang'ania hakimiliki. Mtunzi anabaki nayo, kampuni inakata ada yake tu. Watu wakaanza kuhamia. 2011 Kobalt ikainunua AWAL, iliyokuwa inasaidia wasanii wasio na lebo. 2015 ikapata dola milioni 60 kwenye uwekezaji ulioongozwa na Google Ventures, na ikainunua pia AMRA ya Marekani, ili ikusanye hela za dijitali moja kwa moja bila kuzungukia ile foleni ya vyama.

Ila msidhani ulikuwa mteremko. Miaka mingi ya kukua ilikuwa pia miaka ya hasara. Ukijibakishia kipande kidogo, lazima upitishe hela nyingi mno ndipo upumue. 2021 wakakubaliana kuiuzia Sony Music ile AWAL pamoja na kitengo cha hakishiriki, kwa dola milioni 430. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ikachunguza, ikaruhusu 2022. Mwaka huohuo Francisco Partners wakatangaza kuchukua hisa nyingi za Kobalt.

Mshkaji wangu wa rumu ya pili, anayetengeneza biti, akaniambia, "Unaona sasa? Wote wanarudi kulekule kwa wakubwa." Namwelewa, lakini mi naona kuna kitu kilichobaki: mtunzi aliyezoea kuona hesabu yake hakubali tena kufichwa.

Sasa tuje huku kwetu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999, na COSOTA imetokana na sheria hiyohiyo. Lakini jamani, hakuna sheria wala kompyuta itakayojua nani alitunga kiitikio kama hakuna aliyeandika. Huyu mshkaji ana wimbo na wenzake watatu, unapigwa kila sherehe hapa chuo. Muulize nani ana asilimia ngapi, anacheka: "Sisi ni washkaji bwana." Mwaka huu wanamaliza, kila mtu anakwenda kwao. Hela ikija kuingia miaka mitatu mbele, nani atakumbuka? Ushkaji mwingi umefia hapo.

Nimewapa kaunta buku langu: jina, kazi aliyofanya, asilimia, sahihi. Mpaka naandika hapa majina manne yameshakaa. Asilimia bado wanabishana.