Mto Tuliokuwa Tukiushuka

Zamani, mwezi wa sita ulipoingia na baridi ya asubuhi ikatukusanya kuzunguka mbabula, katika kambi yetu ya Musonoie, Kolwezi, swali moja lilitembea nyumba hadi nyumba: mwaka huu nani anashuka Kisale? Hakuna aliyeiita safari hiyo utalii. Ilikuwa likizo ya mfanyakazi wa mgodi, na fundi wa karakana kama baba yangu aliweza kuipanga kwa mshahara wake, pamoja na mke na watoto wote. Leo Kolwezi inajulikana duniani kote kwa kobalti, hata muuza nyanya anakutajia bei kwa dola, lakini watoto wa dada yangu hawajawahi kuliona Ziwa Kisale. Jambo hilo linaniuma.

Mto Lualaba unapita jirani nasi, ila hapa hauna njia ya mashua. Kaskazini ya mji umezuiwa na bwawa la Nzilo, lililojengwa miaka ya 1950, kisha unatumbukia kwenye makorongo ya mawe na kushuka mamia ya mita kabla ya kufika bondeni. Mteremko huo ndio unaotoa umeme wa Nzilo na Nseke, umeme wa migodi yetu. Mashua huanzia Bukama. Reli kutoka Lubumbashi ilifika pale mwaka 1918, na tangu hapo meli za mvuke zilishuka hadi Kongolo, zaidi ya kilomita 600 za maji. Bibi yangu alizijua meli hizo. Alisema ukisikia honi yake ukiwa shambani, una muda wa kuchimba mihogo, kuiosha na kufika gatini kuiuza.

Chini ya Bukama mto unapoteza haraka yake. Nchi inalala, maji yanasambaa, na mkondo mmoja unakuwa mikondo kumi inayoingia na kutoka kwenye maziwa: Upemba, Kisale, Kabamba na madogo mengine mengi. Ni delta iliyo katikati ya bara, mbali na bahari yoyote. Mafunjo yanaota hadi kumzidi mtu kimo, yanashikana mizizi, yanakatika na kuwa visiwa vinavyoelea, na juu ya visiwa hivyo wavuvi wa Kisale wamejenga vibanda na kuishi. Upepo ukigeuka, jirani yako wa jana anaweza kuwa amesogea. Mama alizaliwa upande wa Kinkondja na hilo kwake halikuwa ajabu. Kwetu watoto wa kambi, tuliozoea nyumba zilizopangwa mistari na king'ora cha zamu, lilikuwa ajabu kuliko mgodi wenyewe.

Tulipanda treni hadi Tenke, tukabadili, tukapita Lubudi na Luena, tukashuka Bukama tumejaa vumbi la makaa ya mawe. Ratiba ilichelewa, lakini ilikuwapo. Gatini mjomba alitungoja na mtumbwi mrefu wa injini uliokuwa umeshusha bitoyo, yaani samaki wakavu, na unarudi na unga, chumvi na sabuni. Tulikaa juu ya magunia. Mama alipika bukari na kambale kwenye mbabula iliyowekwa juu ya bati sakafuni mwa mtumbwi. Jioni tulilala kijijini kwa watu ambao mama aliwaita shangazi, na sikumbuki baba akilipa malazi hata mara moja. Alitoa sabuni, alitoa chumvi, akakaa kusikiliza habari.

Mjomba ndiye aliyetuonyesha Sanga, kando ya Kisale. Wanaakiolojia walichimba hapo mwaka 1957 na 1958, wakakuta makaburi ya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, yenye vyungu vizuri ajabu, vyuma na mapambo ya shaba. Katika makaburi ya karne za baadaye kuna misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha. Bondeni hakuna madini ya shaba. Shaba ile ilitoka huku juu, kwenye vilima vyetu, ikashuka kwa watu wenye samaki. Nikiwa mtoto nililiona jambo hilo kama heshima kwa baba: kazi aliyokuwa akiifanya ilikuwa na undugu wa kale na mto huu. Bado naliona hivyo.

Kilichofuata kinajulikana. Mwaka 1986 kampuni ya migodi ya Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka, na kufikia 1994 uzalishaji haukufika hata sehemu moja ya kumi ya ule wa zamani. Mishahara ikakatika. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, baba akiwa miongoni mwao. Likizo ikafutika pamoja na kazi. Upande wa bondeni vita vilipita, na baadaye makundi ya wapiganaji wa Mai-Mai. Mwaka 2012 hata kituo cha Lusinga, cha hifadhi ya Upemba iliyoanzishwa mwaka 1939, kilishambuliwa. Swala wa majini wa Upemba, waliotambuliwa kuwa aina ya peke yake mwaka 2005, sasa wanakisiwa kuwa chini ya mia moja. Tulipokuwa wadogo hatukujua kuwa tunatazama kitu adimu.

Mwaka huu nataka kuwapeleka watoto wa dada. Nimekuwa nikipiga simu Bukama kwa mama mmoja anayenunua samaki, na karibu kila ninachokijua sasa kuhusu mto kinatoka kwake. "Papa, mukuje mwezi wa saba," aliniambia. "Kisha pale maji inapunguka, mutasukuma mtumbwi." Ana haki. Mafuriko ya bonde hufika kileleni mvua zikikaribia kwisha, na kiangazi chote maji hushuka polepole hadi mwezi wa kumi, mikondo ikizibwa na mafunjo na mafungu ya mchanga yakijitokeza. Mwezi wa saba maji bado yanatosha, na mbu wamepungua. Usiku ni baridi kali juu ya maji, kwa hiyo mablanketi ni ya lazima.

Kukodi mtumbwi mzima wa injini ni ghali, maana mafuta ndiyo bei yenyewe. Njia rahisi ni ile ile ya mjomba: kununua nafasi kwenye mtumbwi wa biashara unaoshuka, kukaa juu ya magunia, na kukubali kuondoka mzigo utakapotimia, hata ikiwa kesho kutwa. Ukifika ziwani, mwajirini mvuvi mwenye upondo kwa siku moja. Kelele ya injini hufukuza ndege, na yeye anajua viboko walipo. Bebeni chandarua, unga, makala, maji yaliyochemshwa, na karatasi zenu zote za utambulisho. Kwenye kila kijiji mtamsalimu chifu kabla ya kufungua begi. Hilo halijabadilika, na nimefurahi kulisikia. Ila jaketi za kuelea mtazitoa mjini. Mtumbwini hakuna, na watoto hawa hawajui kuogelea kama sisi tulivyofundishwa Kisale.

Nimeandika hesabu yote kwenye daftari. Tangu mwaka 2024 hivi, mabehewa ya shaba yameanza tena kutoka Kolwezi kwenda bandari ya Lobito, na nimesimama mara nyingi kuyatazama yakielekea magharibi. Kwa abiria anayetaka Bukama hakuna treni ninayoweza kumwahidi mtoto tarehe yake. Tutapanda lori au gari la kukodi hadi Luena, kwenye barabara ambayo madereva wawili tayari wameikataa. Ndiyo maana ukurasa wa daftari umejaa gharama za nchi kavu. Nauli ya mto, kutoka Bukama hadi Kinkondja, na mvuvi wetu wa siku moja, na samaki wa kila jioni, vyote vimeenea kwenye mistari mitatu ya chini, na jumla yake haifiki hata nusu ya anachodai dereva wa tatu.