Nilimcheka Kanumba

Nilimcheka mwigizaji Steven Kanumba kwa karibu miaka mitatu, na nilimcheka vizuri. Nasema vizuri kwa sababu nilikuwa na kipaji hicho. Saa ya chai ofisini nikisimama, nikainua kidevu na kubana sauti kama yeye, wenzangu walimwaga chai mezani. Naandika haya nikijua sikuwa peke yangu. Inawezekana na wewe unayesoma ulikuwa kwenye meza kama ile.

Kwanza niseme nilikotoka. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, kama watoto wengi wa nchi hii, na nilipoingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yakageuka Kiingereza kwa asubuhi moja. Shule yetu ilikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukikamatwa unaongea Kiswahili, unavishwa shingoni, unakaa nacho mpaka umkamate mwingine. Mimi nilivishwa mara mbili tu, maana niligundua dawa yake mapema: kunyamaza. Nilinyamaza miaka minne. Kiingereza cha kuandika nilifaulu. Cha kuongea sikukijua, na hakuna aliyegundua. Nikaajiriwa ukarani wa stoo katika taasisi moja hapa Dar es Salaam, nikawa najaza fomu za Kiingereza kwa mwandiko mzuri. Watu wakadhani najua. Na mimi nikadhani.

Mke wangu aliishia kidato cha pili. Baba yake alifariki, ada ikakosekana, akaja mjini kwa shangazi yake. Nilipomwoa alikuwa anauza vitenge, na kwenye burudani alikuwa na mtu mmoja tu: Kanumba. Alimjua tangu enzi za Kaole, lile kundi la sanaa lililokuwa likitoa michezo ya kuigiza ITV, wakati Kanumba ni kijana tu aliyetoka Shinyanga. Alipohamia kwenye filamu, mke wangu alihama naye. Dar 2 Lagos aliyoigiza na Wanigeria alikuwa nayo. Moses, This Is It, Uncle JJ, zote zilipangwa juu ya kabati karibu na Biblia. Majina yote ya Kiingereza, mazungumzo mengi ya Kiswahili. Nilikuwa na hotuba nzima juu ya jambo hilo, na sehemu ya hotuba ile hata leo naona ina ukweli, ila sikuwa naitoa kwa kutafuta ukweli. Niliziita sinema za mahausigeli. Yeye akiwasha deki, mimi nafungua gazeti la Kiingereza na kulishika juu juu ili ionekane sitazami. Nilikuwa natazama. Pale Uncle JJ anapohangaika na wale watoto nilicheka nyuma ya gazeti, nikajifanya nakohoa.

Mwaka 2009 Kanumba alialikwa Afrika Kusini, akaingia kama mgeni katika nyumba ya shindano la televisheni la Big Brother Africa. Aliongea Kiingereza mbele ya bara zima, na Kiingereza hakikumtii. Kesho yake mji ulikuwa unacheka, kwenye daladala, vijiweni, kila mahali. Mimi niliona vipande vyake baa moja yenye king'amuzi, na nakumbuka nilichosikia moyoni. Ilikuwa nafuu. Nilikuwa nimempata mtu wa kumvisha kibao.

Nyumbani nikampa mke wangu jina. Akikosea neno lolote la Kiingereza, namwita Kanumba. "Kanumba, leta chumvi." Naye ananijibu, "Asante, huyo ni mtu mkubwa." Nilikasirika kwamba haumii.

Siku aliyoumia naikumbuka. Jumapili moja wenzangu wawili wa ofisini walikuja kula kwetu pamoja na mgeni wao kutoka Zambia. Mke wangu alimkaribisha mgeni kwa sentensi moja ya Kiingereza aliyoifanyia mazoezi jikoni, nilimsikia. Alikosea. Mgeni alimwelewa, akashukuru vizuri tu. Mimi nikairudia sentensi ile kwa kidevu juu na sauti ya kubana, na wote wakacheka isipokuwa mgeni. Mke wangu akaweka bakuli la mchuzi mezani, akaingia jikoni, hakutoka mpaka wageni walipoondoka. Tangu siku hiyo, akija kwetu mtu asiyejua Kiswahili, mke wangu anakuwa na kazi uani.

Mwaka 2011 ofisini walikuja wafadhili, nami nikatakiwa kusoma ripoti ya stoo mbele yao na kujibu maswali. Nilipewa wiki mbili. Ripoti niliiandika ikakamilika. Asubuhi ya siku yenyewe nikapiga simu kwamba nina malaria, nikajifunika shuka. Mke wangu akanishika paji la uso, akakaa kimya kidogo, kisha akaenda kunipikia uji wa ulezi, akautia ndimu. Niliunywa uji ule nikiwa mzima wa afya. Mwenzangu alisoma ripoti yangu, na miezi michache baadaye yeye ndiye aliyepandishwa cheo. Nikaanza kuigiza matamshi yake na yeye.

Jumamosi ya tarehe 7 Aprili 2012, siku moja kabla ya Pasaka, simu ya mke wangu ilianza kuita kabla hakujapambazuka. Kanumba amekufa. Nikamwambia ni uzushi, mtandaoni wanaua watu kila wiki. Tukafungua redio. Alikuwa amefariki usiku ule, alianguka nyumbani kwake Sinza. Alikuwa na miaka 28. Habari za tukio lile zilikwenda mahakamani na kumalizikia huko. Mimi sina la kuongeza.

Nakiri kitu kingine. Asubuhi ile nilipata mzaha. Ulinijia mpaka kwenye ulimi, sentensi nzima, kwa sauti yake. Nikamtazama mke wangu amekaa kwenye stuli ya jikoni, ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kikombe cha moto, na mzaha ukanirudi kooni. Pasaka ile kwetu pilau haikupikwa. Hakuna aliyeamua isipikwe, haikupikwa tu.

Mazishi yalikuwa Jumanne, tarehe 10. Mke wangu alisema anakwenda viwanja vya Leaders kumuaga, tena hakusema kwa kuomba. Nikasema nitamsindikiza, nikaomba ruhusa kazini kwa kudanganya kwamba ni msiba wa ndugu. Nilidhani tutakuta watu kiasi, kinamama na vijana wa filamu. Tulishuka mbali kwa sababu magari yalikuwa hayapiti. Watu walikuwa juu ya miti na juu ya kuta. Makamu wa Rais, Dk. Gharib Bilal, alikuja. Wengine walizimia, wakapitishwa juu ya vichwa vya watu kama mizigo. Nilimshika mke wangu mkono nisimpoteze, na sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilimshika mkono lini.

Pembeni yangu alisimama kijana mmoja, fundi ujenzi, nadhani, kwa sababu ndala zake zilikuwa na saruji iliyokauka. Alikuwa analia bila kujificha. Ili niseme kitu nikamuuliza kama alikuwa anamfahamu marehemu. Akasema hapana, alimwona kwenye mabanda ya video tu. Kisha akasema, "Mimi namkumbuka alivyokwenda kule Big Brother, braza. Ung'eng'e haukuwa wake, lakini alikwenda."

Nilikuwa nimesikia mahubiri ya Ijumaa Kuu na ya Pasaka ndani ya wiki hiyo hiyo, na yote mawili nilitoka nayo kanisani nikiwa vile vile. Neno la fundi yule ndilo lililonipiga. Alikwenda. Kanumba alikwenda akijua kwamba hajui, kamera zikiwa zimewashwa. Mimi mwenye cheti na ripoti iliyokamilika nilijifunika shuka. Miaka yote ile nilikuwa nacheka kitu nilichokiogopa mimi mwenyewe, na aliyekifanya kwa niaba yetu alikuwa amelala kwenye jeneza hatua chache kutoka niliposimama. Tulijitahidi kusogea tumuage. Hatukufika. Umati ulizidi, na baadaye msafara ukaondoka kwenda makaburi ya Kinondoni.

Usiku ule, taa ikiwa bado inawaka, nikamwambia mke wangu, "Mama, ile malaria ya mwaka jana..."

"Nilijua," akasema. "Homa gani ile isiyo na joto?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaogopa, baba. Mtu anayeogopa anapewa uji."

Nimeoa mwanamke aliyekuwa na silaha mkononi mwaka mzima, dhidi ya mtu aliyemcheka mbele ya wageni, na hakuitumia hata siku tulipogombana. Mpaka leo sijui nilifanya nini kustahili uji ule. Nikapata ujasiri, nikamwomba radhi kwa siku ya mchuzi. Hapo alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Hilo la Mzambia bado." Nikamuuliza bado mpaka lini. Akasema, "Bado," akazima taa.

Wanaotoa ushuhuda wakati mwingine husema walibadilika siku ile ile. Mimi sikubadilika siku ile. Haikupita hata mwezi nilikuwa saa ya chai namwigiza mbunge. Nikajizuia tena, nikaanguka tena. Kilichonitisha ni binti yangu, wakati huo yuko darasa la tatu. Nilimsikia uani akimcheka mtoto wa jirani aliyekosea kusoma, na kicheko kilikuwa changu, na kidevu kimeinuliwa hivyo hivyo. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango nikakosa la kumwambia, maana ningemgombeza kwa mdomo upi?

Tulianza na gazeti. Lile lile nililokuwa najifichia. Kila jioni baada ya chakula, robo saa, tunasoma kwa sauti habari moja halafu tunaizungumzia kwa Kiingereza mpaka maneno yatuishie. Wazo lilikuwa la mke wangu. Yeye hakuwa na aibu, mimi nilikuwa nayo, kwa hiyo alinipita haraka. Alinisahihisha mimi mwenye cheti, na jioni za mwanzo nilikuwa natoka nje kupunga upepo nisije nikajibu vibaya. Mwaka uliofuata akajiandikisha masomo ya jioni kwa pesa yake ya vitenge. Mimi nilikwenda kumsubiri getini.

Mwaka 2014 wafadhili walikuja tena, nikaomba mwenyewe kusoma ripoti. Karatasi ilitetemeka mpaka nikaiweka mezani. Nilikosea nyakati, nikakwama kwenye neno moja nikalisema kwa Kiswahili, na kijana mmoja mpya wa uhasibu akaguna kicheko. Sikumkasirikia. Nilimfahamu kijana yule kuliko alivyojifahamu. Nilimaliza ripoti, nikajibu maswali mawili, la tatu nikasema nitaleta majibu kwa maandishi. Sikupandishwa cheo. Bado niko stoo.

Jioni moja ya mwaka 2015 mke wangu alirudi kutoka dukani akanisimulia kuhusu mteja mgeni waliyeongea naye Kiingereza karibu saa nzima, mpaka akanunua doti sita. Alikuwa anachambua mchicha. Bila kuinua kichwa akasema, "Lile nimeliacha."

"Lipi?"

"La Mzambia."

Ilikuwa imepita miaka mitatu tangu nimwombe. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, na namshukuru Mungu kwamba nililia.

Siku hizi ikifika Aprili 7, tukiweza, tunapita Kinondoni makaburini. Mke wangu husema naye mambo yake kimya kimya. Mimi husema neno moja tu la radhi, kisha nasimama. Nyumbani Dar 2 Lagos imekwaruzika, inakwama katikati na hatujaitupa. Tunaitazama mpaka inapokwama, na mikononi mwangu hakuna gazeti.

Ndugu yangu, kama kuna mtu unayemcheka sasa hivi kwa jambo ambalo wewe usingethubutu kulijaribu, sikuhukumu. Nimekaa kiti hicho, nakijua kilivyo kizuri. Awe msanii, awe jirani, awe huyo anayekupikia, mtafute umwambie angali anasikia. Sisi tulikwenda Leaders tangu asubuhi, na kwenye jeneza hatukufika.