Barua kwa Mpwa: Notisi za Mabepari wa Venisi na Sheria ya Mikataba

Kwa mpwa anayeanza mwaka wa kwanza wa sheria,

Notisi za fasihi na notisi za sheria ya kimataifa huandaliwa kwa njia moja. Maandishi yenyewe hutangulia, maswali yanayoibuka humo hufuata, na muhtasari huja mwisho. Wanafunzi wengi hupindua mpangilio huo. Hutafuta madesa ya mwaka uliopita, hukariri nani alimpenda nani na ibara ya ngapi inasema nini, kisha mtihani ukiuliza kwa nini, daftari halina la kusema. Ushauri wa mjomba ni kwamba tamthilia moja na tawi moja la sheria visomwe pamoja, kwa kuwa vyote viwili vinauliza jambo moja: ahadi iliyoandikwa inamfunga nani, na kwa kiasi gani.

Tamthilia ni The Merchant of Venice ya Shakespeare, iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1600. Julius Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, na tafsiri hiyo ikatoka mwaka 1969. Bassanio anahitaji dukati 3,000 kwa miezi mitatu. Rafiki yake Antonio, mfanyabiashara wa baharini, anamdhamini kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji ambaye Antonio amemtukana miaka mingi. Shylock hadai riba. Anadai hati inayosema kwamba deni lisipolipwa kwa wakati, atakata ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio. Meli hazirudi, siku inapita, na kesi inafika mbele ya mtawala wa mji.

Madesa mengi huishia hapo na kurukia ushindi wa Portia, mwanamke anayemwokoa Antonio mahakamani. Mstari wenye uzito zaidi kwa mwanafunzi wa sheria uko nyuma kidogo, katika Tendo la Tatu, Onyesho la Tatu. Antonio yuko mikononi mwa askari jela, na rafiki anamfariji kwamba mtawala hatakubali hati ya namna ile itekelezwe. Antonio mwenyewe anakataa faraja hiyo. Anaeleza kwamba biashara ya Venisi inategemea watu wa mataifa yote, na mgeni akinyimwa haki aliyoahidiwa na sheria, jina la mji litachafuka. Mtu anayekaribia kufa anatetea mkataba unaomuua! Ukurasa wa notisi kwa sehemu hii uwe na safu mbili. Upande wa kushoto iandikwe hoja ya Antonio kwa maneno ya msomaji mwenyewe, pamoja na namba ya tendo na onyesho. Upande wa kulia yaandikwe maswali: Nani ananufaika mgeni anapoamini mahakama? Je, hoja hii ingebaki ileile kama mdai angekuwa raia?

Swali la pili linajibiwa mahakamani, na jibu lake ni chungu. Portia, aliyejivika mavazi ya mwanasheria, anakubali kwanza kwamba hati ni halali na kwamba hakuna mamlaka Venisi yenye uwezo wa kubadili sheria iliyowekwa. Kisha anasema hati imetaja nyama, haikutaja damu. Shylock anaporudi nyuma, inatolewa sheria nyingine inayowahusu wageni peke yao: mgeni anayetafuta kumuua raia hupoteza nusu ya mali kwa aliyetaka kumuua na nusu kwa dola, na uhai wake huwa mikononi mwa mtawala. Mwishoni analazimishwa hata kubadili dini. Mgeni aliyekuja kutegemea usawa wa sheria anaangushwa na sheria isiyomtambua kuwa sawa. Notisi zisizosema hivyo zimeikosa tamthilia.

Wanasheria wenyewe waligombana juu ya hukumu hiyo. Rudolf von Jhering, mwanasheria Mjerumani, aliandika mwaka 1872 kwamba hati ile ilipaswa kubatilishwa tangu mwanzo kwa kuwa inakiuka maadili. Ila jaji akishaikubali, alisema, kumruhusu mtu akate nyama na kumkataza damu ni hila, maana nyama haikatwi bila damu. Josef Kohler alimjibu mwaka 1883 akimtetea Portia: sheria hukua hata pale sababu zinazotajwa ni dhaifu. Mjomba anaona Jhering ana hoja nzito zaidi, na mpwa ana ruhusa kamili ya kupinga, mradi aoneshe mstari anaoutegemea.

Upande wa sheria ya kimataifa, maandishi ya kuanzia ni Mkataba wa Vienna wa Sheria ya Mikataba, uliopitishwa Mei 1969 na kuanza kutumika mwaka 1980. Unahusu mikataba kati ya dola, si hati za deni za watu binafsi, kwa hiyo kuupima nao mkopo wa Shylock ni zoezi la akili tu. Zoezi lenyewe linafaa. Ibara ya 26 inasema mkataba unawafunga walioridhia na utekelezwe kwa nia njema. Ibara ya 31 inataka maneno yasomwe kwa maana yake ya kawaida, katika muktadha wake, na kwa kuangalia lengo la mkataba. Kwa kipimo hicho usomaji wa Portia unapata shida. Ibara ya 53 ingempa njia iliyonyooka: mkataba unaopingana na kanuni za lazima za sheria ya kimataifa ni batili. Ibara ya 62, inayohusu mabadiliko makubwa ya mazingira, huvutia wanafunzi kupita kiasi. Hungary iliitegemea ili kujitoa katika mkataba wa 1977 wa mabwawa ya Mto Danube, na mwaka 1997 Mahakama ya Kimataifa ya Haki haikuikubali hoja hiyo.

Mfano wa karibu uko nyumbani. Mwaka 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa ajili ya shehena za Kongo na Ruanda-Urundi, kwa upangaji wa kudumu na kodi ya faranga moja kwa mwaka. Tanganyika ilipokaribia uhuru, Nyerere alilieleza Bunge tarehe 30 Novemba 1961 kwamba mtawala aliyekabidhiwa nchi kwa muda hawezi kuifunga milele. Desemba mwaka huohuo Umoja wa Mataifa uliarifiwa kwamba mikataba ya nchi mbili itaendelea kwa miaka miwili, ipitiwe, na isiyokubaliwa upya ikome, isipokuwa ile inayosimama kwa sheria ya desturi. Mikataba ya nchi nyingi ingeangaliwa mmoja mmoja. Huu ndio msimamo unaofundishwa kwa jina la Nyerere.

Mipaka ilishughulikiwa kwa njia tofauti. Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliahidi kuheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru, na mkataba wa mwaka 1978 kuhusu dola kurithi mikataba unaitenga mipaka vilevile katika ibara ya 11. Hapo ndipo mgogoro wa Tanzania na Malawi juu ya ziwa Nyasa unapoingia, kwa kuwa unarudi kwenye makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya Julai 1890. Maandishi ya 1890, 1961 na 1964 yawekwe katika kurasa zinazofuatana, kila moja na safu yake ya maswali, kabla ya kufungua kitabu chochote cha maelezo.

Mjomba