Uga wa Kuku, Mtaa wa Wende

Mwaka 2010 Guangzhou ilikuwa ikijiandaa kwa Michezo ya Asia, na kila ulikopita ulikuta majengo yamezungushiwa majukwaa, mafundi wakipiga rangi. Nilikuwa nikiishi Xiaobei, nikiwazungusha wafanyabiashara wa kwetu: asubuhi Shisanhang kwa nguo, mchana Sanyuanli kwa mabegi, jioni kwa wakala wa kontena. Ilikuwa nadra mtu kuniomba nimpeleke kununua kitu cha kutazamwa tu. Ndipo akaja mama mmoja wa Dodoma, aliyekuwa akimalizia nyumba ya wageni, na ukurasa uliokatwa gazetini: mchoro wa kale wa Flanders, uga wa shambani umejaa kuku, bata na bata mzinga.

“Mwanangu, nataka hii, kubwa, kwa rangi ya mafuta. Inakaa mapokezi.”

Nikampeleka Wende Lu, mtaa wa wilaya ya Yuexiu wenye maduka ya fremu, wino, karatasi na picha. Tukapatana bei na mwenye duka. Mama akaenda kwenye shughuli zake, mimi nikabaki na kazi ya kufuatilia.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba katika karne ya 17 pale Antwerp, mji wa Flanders, walikuwepo wachoraji waliobobea katika wanyama na ndege. Adriaen van Utrecht, aliyezaliwa 1599 na kufariki 1652, alichora nyuga za kuku kwa uangalifu ambao wengine waliuweka kwa wafalme. Bata mzinga alikuwa bado na ugeni wake. Alitoka bara la Amerika na kufika Ulaya karne moja tu kabla.

Fundi wetu wa kuchora alifanyia kazi katika chumba cha nyuma, ukurasa wa mama ameubana kwa kibanio pembeni ya turubai. Mimi ni mtoto wa Singida, na basi la kwetu haliendi Dar bila matenga ya kuku. Kwa hiyo jicho langu liliwahi kwa mtetea wa mbele. Kwenye ukurasa alikuwa doa la kahawia, wino umefifia. Kwenye turubai alikuwa kuku kamili: mdogo, mgongo wa madoadoa, miguu myembamba ya manjano, mguu mmoja umeinuliwa, vidole vimekunjwa, kama afanyavyo kuku aliyeacha kuchakura ghafla kwa kuwa amesikia kitu. Hakuna aliyewahi kufuga ambaye hakijui kituo kile.

Nikamuuliza amempata wapi. Akanijibu kwamba kwao ni vijijini Qingyuan, kaskazini ya Guangzhou, na kuku wa Qingyuan ndivyo walivyo. Pale ukurasa uliponyamaza, alichora wa nyumbani kwao.

Watu wakisikia picha imenakiliwa Guangzhou huibeza kabla ya kuiona, na jambo hilo linaniuma. Pale Shisanhang tunapogombania marobota ndipo zilipokuwa ghala za wafanyabiashara wa Ulaya. Hata meli za Flanders zilifika kufuata chai: Kampuni ya Ostend ilipewa hati mwaka 1722, ikasimamishwa 1727. Karne iliyofuata, jirani na ghala hizo, Lam Qua alikuwa na karakana yake. Aliwachorea wageni sura zao kwa rangi ya mafuta, na katika miaka ya 1830 akawachora wagonjwa wenye uvimbe waliotibiwa na daktari Mmarekani Peter Parker. Nyingi kati ya picha hizo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale. Ukizitazama, wagonjwa wale wana utulivu na heshima ya watu wanaojua wanatazamwa na mtu makini. Mji wenye mikono ya namna hiyo haustahili dharau.

Nilipokwenda tena, fundi aliweka brashi chini. “Pengyou, rafiki, jogoo wa kwenu wakoje?”

Nikamweleza kuchi: mrefu, shingo imesimama wima, kifua wazi, undu mdogo kichwani, na ugomvi haukimbii. Nikamwonyesha kwa mkono urefu wake kutoka sakafuni. Akaniuliza rangi ya mkia, akauliza anasimamaje akiwa na hasira. Hakuandika chochote.

Siku ya kuchukua mzigo nilikwenda na mama. Aliitazama picha kimya, akaisogelea, kisha akaweka kidole nyuma ya bata mzinga, karibu na ukuta wa zizi.

“Huyu si kuchi huyu?”

Nikamweleza yote, nikiogopa atadai apunguziwe kwa kuwa si alichoagiza. Akamgeukia fundi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa Kiswahili, nami nikatafsiri. Kisha akaagiza nyingine ya ukumbi wa chakula, safari hii bila ukurasa wowote: achore kuku anaowajua yeye, wa Qingyuan, kadiri apendavyo.

“Ila mwambie,” akaniambia, “kishingo mmoja, yule wa shingo tupu, asikosekane.”