Kiti Bila Karatasi

Kwetu Kongo ukisema rekta, kila mtu anajua unamzungumzia mkubwa wa chuo kikuu. Anateuliwa na serikali kule Kinshasa, anakuja na gari lake, na wanafunzi wanamwona siku ya sherehe na siku ya mgomo. Basi mwaka 2021, habari ilipozunguka kwenye simu hapa Nakivale kwamba mama mmoja Mkongo amekuwa rekta wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, kule Scotland, wengi wetu tulifikiri Wazungu wamempa cheo kama kile cha kwetu. Debora Kayembe, mzaliwa wa Kinshasa, mwanasheria, aliyekimbilia Uingereza mwaka 2005 akaomba hifadhi kama sisi tulivyoomba. Mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi ile. Tulifurahi, tukatumiana picha yake, na habari ikaishia hapo.

Mimi ilinichukua muda kuelewa kwamba rekta wa kule hateuliwi na mtu yeyote. Anapigiwa kura na wanafunzi pamoja na wafanyakazi wa chuo, kwa muda wa miaka mitatu. Kazi za kila siku za chuo ana mkubwa mwingine anayeziendesha. Rekta yeye, kwa desturi ya Scotland, ndiye anayekaa mbele kwenye baraza la juu linalosimamia chuo chote: pesa, majengo, nani aajiriwe kuwa mkubwa. Baraza hilo wanaliita Court, ila si mahakama. Mambo haya ni ya zamani sana. Sheria iliyoyapanga ni ya mwaka 1858, na rekta wa kwanza wa Edinburgh chini ya sheria hiyo, William Gladstone, alichaguliwa mwaka 1859, babu zetu wakiwa bado hawajaona bendera ya Mbelgiji.

Ninaandika haya kwa sababu mwezi huu kituo chetu cha vijana kinachagua wajumbe wawili wa kwenda kwenye kikao cha mashirika, kile cha kila mwezi. Nafanya kazi na vijana hapa mwaka wa tatu sasa, na sijawahi kuona uchaguzi ukizua kelele kama huu.

Kelele zilianza na jina moja. Kuna kijana wetu anaimba, anajulikana kutoka Base Camp hadi Juru, hata watoto wanaimba nyimbo zake wakienda kuchota maji. Wengi walisema huyu ndiye apite, mashirika yatamheshimu. Wengine wakauliza: lini mlimwona huyu kwenye mkutano wowote? Anafika ukiwa umekwisha, anasalimia, anaondoka.

Hapo nikawaeleza habari za Scotland, kwa sababu wale nao walipitia swali hilihili kwa zaidi ya miaka mia moja. Kwa muda mrefu wanafunzi wa kule walikuwa wanachagua watu wenye majina makubwa. Edinburgh walimchagua Winston Churchill mwaka 1929. Mwaka 1951 walimchagua Alexander Fleming, yule aliyegundua dawa ya penisilini. Wakati huo Julius Nyerere alikuwa mwanafunzi palepale Edinburgh. Alikaa kuanzia 1949 hadi 1952, ndipo akarudi Tanganyika na shahada yake. Mara nyingi rekta wa namna hiyo alikuwa wa heshima zaidi kuliko wa kazi. Anakuja siku ya kutawazwa, anatoa hotuba, wanafunzi wanapiga kelele, halafu baraza linaendelea na mambo yake.

Chuo cha Glasgow walifanya la ajabu zaidi. Mwaka 1962 walimchagua Albert Luthuli, kiongozi wa ANC ya Afrika Kusini, wakijua kwamba serikali ya makaburu imemfungia kwao na haitamwachia kusafiri. Mwaka 2014 wakamchagua Edward Snowden, Mmarekani yule aliyetoa siri za serikali yake, naye alikuwa amejificha Urusi.

Binti mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akanikatiza: "Yaya, ule mtu hata hafike, atawasaidia na nini?"

Watu wakacheka, lakini swali lilikuwa zito. Nikamjibu kwamba kura ya Luthuli ilikuwa ni barua. Vijana wa Glasgow walikuwa wanawaambia makaburu: sisi tunamwona huyu mnayemficha. Barua ya namna hiyo ina thamani yake, na mimi siwezi kuidharau, maana sisi wakimbizi tunajua uchungu wa kutoonekana. Ila binti hakutosheka. Akasema barua sawa, lakini mabomba ya choo cha shule yakiziba, Luthuli atayajuaje? Huyu binti ana miaka 19, anashona nguo kwa cherehani ya kukodi. Nitarudi kwake.

Edinburgh ndiko walikochoka na majina makubwa kwanza. Mwaka 1971 wakamchagua mwanafunzi mwenzao, Jonathan Wills. Mwaka uliofuata wakarudia: wakamchagua Gordon Brown, naye mwanafunzi, kijana wa miaka 21, jicho moja halioni kwa sababu aliumia akicheza raga akiwa shuleni. Fikiria kikao kile. Maprofesa, watu wa mali na vyeo vyao, na kwenye kiti cha mbele kijana ambaye juzi tu alikuwa anafanya mitihani yao. Wakubwa wa chuo hawakupenda. Walijaribu kumwondolea haki ya kuongoza vikao, naye akaenda mahakamani, akashinda. Baadaye sana, kuanzia 2007 hadi 2010, akawa waziri mkuu wa Uingereza, na ndilo jambo ambalo watu wakisimuliwa wanalishangilia. Mimi halinigusi sana. Mawaziri wakuu ni wengi. Mimi nabaki na yule wa miaka 21 anayeshika ajenda mkononi.

Kwa sababu siri iko kwenye karatasi. Miaka ileile, kabla ya Brown kuchaguliwa, uongozi wa Edinburgh ulikuwa ukikana kwamba chuo kimeweka pesa zake katika kampuni zinazounga mkono ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Gazeti la wanafunzi likatoa habari kwamba hisa zipo, na Brown alikuwa mmoja wa waliofanya kazi hiyo. Wanafunzi walikuwa wameandamana muda mrefu dhidi ya makaburu, na maandamano yana nguvu yake. Lakini siku ile kilichowaumbua wakubwa kilikuwa ni orodha ya hisa, yaani hesabu zenyewe. Ukishajua hivyo, unaelewa kwa nini vijana wale walitaka kukaa ndani ya chumba ambamo karatasi zinafunguliwa.

Sasa nije kwetu. Mwaka jana tulikuwa na mjumbe wetu, kijana mzuri, mpole, amemaliza secondaire kule Uvira. Alihudhuria vikao tisa. Alikuwa anapewa kiti cha plastiki karibu na mlango. Ajenda anaikuta mezani, imeandikwa kwa Kiingereza, naye Kiingereza chake ni cha kusalimia. Anasaini karatasi ya mahudhurio, anapigwa picha, anapewa soda na mkate. Siku moja akanyoosha mkono akauliza pesa za cherehani za mafunzo ya vijana zimefikia wapi, kwa sababu tuliahidiwa cherehani kumi na mbili na zilizofika ni nne. Akajibiwa kwa upole kabisa kwamba hilo ni la kikao kingine. Akauliza kikao hicho ni lini na nani anahudhuria. Wakacheka kidogo, wakapita kwenye jambo linalofuata.

Mwisho wa mwaka shirika moja lilitoa ripoti yenye rangi nzuri. Ukurasa wa ndani, picha ya kijana wetu amekaa karibu na mlango. Chini yake wameandika kwamba vijana walishirikishwa katika maamuzi.

Ninyi mnaosoma hapa mkiwa na kitambulisho shingoni, msinikasirikie. Si wote mko hivyo. Kulikuwa na ofisa mmoja, mtu wa Mbarara, ambaye mara mbili alimtafsiria kijana wetu ajenda usiku kwa simu, kwa bando lake mwenyewe. Lakini jambo haliwezi kutegemea moyo mzuri wa mtu mmoja, maana mkataba wa yule ofisa ulikwisha mwezi wa sita na tafsiri ikaisha naye.

Scotland nao waliona hivyo. Mwaka 2016 walitunga sheria kwamba baraza la uongozi la kila chuo kikuu lazima liwe na wanafunzi wawili wanaotoka kwenye chama cha wanafunzi. Hao ni wajumbe kama wajumbe wengine, si wageni waalikwa. Hapa Uganda nako, wanafunzi wa Makerere wana wawakilishi wao kwenye baraza la chuo.

Nilipotaja Makerere, baba wa yule binti mshonaji alikuwa amesimama dirishani anasikiliza, na hakusema kitu. Binti mwenyewe alikuwa tayari ameandika jina lake kwenye orodha ya wagombea. Kesho yake likafutwa. Nikaenda kumwona mzee.

"Mzee wangu, shikamoo. Nimekuja kwa habari ya dada yetu."

"Najua kilichokuleta. Hiyo Makerere uliyoisifu, unajua ilivyokuwa mwaka 2022?"

Nilijua. Julai ya mwaka ule, katika kampeni za uchaguzi wa wanafunzi wa Makerere, kijana mmoja, mwanafunzi, alichomwa kisu akafa. Chuo kikasimamisha uchaguzi. Vyama vikubwa vya siasa vilikuwa vimeingia kwenye kampeni zile na rangi zao na watu wao, mpaka uchaguzi wa wanafunzi ukafanana na wa taifa.

"Mimi sikuvuka ziwa na watoto watano," mzee akasema, "ili mmoja aje kufa kwa ajili ya kiti cha plastiki."

Sikuwa na jibu la haraka, na nadhani ingekuwa ni utovu wa adabu kuwa nalo. Watu wa Fizi wanajua uchaguzi unavyonuka. Tulikaa, mama akaleta chai, tukazungumza habari za mihogo. Ni mama aliyeyarudisha maneno. Akasema mtoto huyu anaenda kisimani saa kumi na moja alfajiri peke yake, na hapo hakuna anayemzuia. Iweje azuiwe kukaa kwenye kiti mchana, kati ya watu wazima? Mzee akanyamaza muda mrefu. Halafu akatoa masharti: hakuna kampeni ya usiku, hakuna maandamano ya nyimbo, hakuna mtu kugawa pesa wala sabuni, na hakuna kutaja kabila. Nikayaandika kwenye daftari mbele yake. Jumamosi tukayapitisha kuwa kanuni za wagombea wote, na hakuna aliyejua yametoka kwa nani. Jina la binti likarudi kwenye orodha.

Kila mgombea alipewa dakika tano ukumbini. Yule mwimbaji alifika kwa wakati, nampa sifa yake, akaongea vizuri kuliko nilivyotegemea. Lakini swali lililowatoa jasho wote lilitoka kwa mvulana wa miaka 16: ukishakaa kule, wewe utakuwa wa kwetu au wa kikao?

Hili nalo ni swali la vyuo. Mwanafunzi anayechaguliwa kuingia baraza la uongozi anaambiwa siku ya kwanza kwamba ametoka kwa wanafunzi, lakini akiwa mle ndani anatakiwa kuangalia faida ya chuo kizima, na kuna mambo hataruhusiwa kuyatoa nje. Waliompigia kura wanamwona amenyamaza, wanasema amenunuliwa. Pengine amenunuliwa kweli, pengine anashika tu sheria. Kwa macho huwezi kutofautisha. Mwimbaji alijibu kwamba yeye ni wa kwetu daima, akapigiwa makofi sana. Mwingine akasema atatuletea kila neno.

Binti akasema: "Siwezi kuahidi kila neno. Wakizungumza habari za msichana aliyebakwa, sitakuja kuwasimulia hapa. Lakini habari za pesa za vijana nitaziandika na kuzibandika kwenye mlango wa kituo. Wakinikataza kuzibandika, nitabandika karatasi nyeupe, mtajua nimekatazwa."

Ukumbi ulinyamaza kidogo, ndipo makofi yakaja.

Kura ni Jumamosi ijayo, kuanzia saa tatu asubuhi, kwa vijana wa miaka 15 hadi 30, kadi ya familia inatosha. Simwambii mtu ampigie nani; mimi ndiye ninayehesabu. Kabla ya hapo tumepeleka barua kwa wanaoandaa kikao cha mashirika, wagombea wote wametia sahihi. Tunaomba ajenda ifike siku tatu kabla, kwa Kiswahili. Tunaomba wajumbe wetu wakae mezani. Na tunaomba waone hesabu za miradi ya vijana, zilizopangwa na zilizotumika. La kwanza wamelikubali kwa maandishi. La pili wamesema hakuna shida, viti vipo. La tatu wamejibu kwamba linasubiri idhini ya ofisi ya Kampala, na tangu hapo zimepita wiki mbili.