Rimoi: Ndovu Bila Foleni ya Magari

Mkazi wa Eldoret akitamani picha za wanyama wakubwa, kwanza hupiga hesabu za Maasai Mara. Huchanga na wenzake, hukodisha matatu, hukesha njiani, na kule anakofika humkuta simba mmoja amelala huku magari yamemzunguka kama wateja waliomvamia mama mboga aliyeteremsha bei ya nyanya. Picha anazorudi nazo zina simba kidogo na Landcruiser nyingi. Wakati huohuo, ng'ambo ya Iten, chini kabisa kwenye Bonde la Kerio, ndovu wanavunja matawi ya migunga na hakuna anayewapangia foleni.

Hao ni ndovu wa Rimoi, hifadhi ya kilomita 66 za mraba katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet, iliyotangazwa rasmi mwaka 1983. Ng'ambo ya Mto Kerio, upande wa Baringo, kuna jirani yake Kamnarok, na ndovu huvuka huku na huku wapendavyo.

Njia yenyewe ni nusu ya raha. Ukiwapita wanariadha wa Iten, ardhi inakatika ghafla. Bonde liko zaidi ya mita 1,000 chini yako. Barabara inajipinda hadi Tambach, na hapo sweta ya asubuhi inakuwa mzigo. Kufika Biretwo, umeshanunua maembe na maji, na shati limekugandia mgongoni. Kamera usiitoe kwa pupa: lenzi iliyolala kwenye baridi ya Eldoret hupigwa na ukungu ikikutana na joto lile. Iache ndani ya mkoba hadi izoee.

Rimoi si mbuga ya kuona mbali. Ni kichaka cha miba, na ndovu husikika kabla ya kuonekana. Askari wa wanyamapori aliyetuongoza aliinama juu ya kinyesi, akakigeuza kwa kijiti, akaona bado kina unyevu. Kisha akachota vumbi na kuliachia lianguke polepole ili ajue upepo unaelekea wapi. Ulikuwa ukitupiga usoni, kwa hiyo tukasonga.

"Boss," aliniambia kwa sauti ya chini, "akitandaza masikio na kutikisa kichwa, huyo mara nyingi anakutisha tu. Akiyalaza nyuma na kukunja mkonga, usiniulize swali. Nifuate."

Tuliyemkuta alikuwa mama mwenye sikio lililochanika ukingoni, mwili wote umepakwa udongo mwekundu, na mtoto chini ya tumbo lake. Yule mdogo alikuwa bado hajaujulia mkonga wake: aliuzungusha, akaukanyaga, akautia mdomoni. Lenzi yangu ya milimita 400 ilikuwa ndefu mno kwa kichaka kile. Kila nilipolenga, tawi lilikatiza katikati. Nilipata jicho moja na kope zake ndefu zilizojaa vumbi, na nusu ya pembe nyuma ya majani. Kwa maoni yangu, picha hiyo inashinda ndovu mzima aliyesimama kwenye nyasi fupi kana kwamba anapigwa ya kitambulisho. Ina mahali alipo ndani yake. Na mama aliposikia kamera ikilia, aligeuza kichwa. Ndovu wa hapa hawajazoea watalii; mtu kwao bado ni habari.

Wenyeji nao wana lao la kusema. Ndovu hula hadi kilo 150 kwa siku, na mahindi na maembe ya mtu ni sehemu ya karamu. Mama muuza maembe aliitazama kamera yangu, akacheka: "Nyinyi mnawapiga picha, sisi tunawapigia debe." Usiku, debe ndilo silaha iliyopo.

Juu kwenye uwanda wa Uasin Gishu kulikuwa na wanyama namna hii pia. Mwaka 1909, kabla Eldoret haijawa mji, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alifika karibu na Sergoit akawashuhudia vijana wa Kinandi wakimzingira simba na kumuua kwa mikuki. Yeye na mwanawe Kermit waliwapiga risasi ndovu waliopelekwa kwenye jumba la makumbusho la New York, na wamesimama humo hadi leo. Twiga wa Rothschild, wale wenye miguu kama iliyovishwa soksi nyeupe, walibaki shambani Soy hadi miaka ya 1970, ardhi ilipokuwa ikigawanywa. Mwaka 1974 ndama mmoja, Daisy, alichukuliwa na familia ya Leslie-Melville akalelewa Lang'ata, na kutokana na kazi hiyo kikazaliwa kituo cha twiga ambacho Wanairobi hukijua kwa picha za kubusiwa. Soy yenyewe sasa ni mahindi na ngano.

Kabla ya kuteremka, waulize Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hali ya usalama. Bonde la Kerio limeteswa miaka mingi na wezi wa mifugo, hasa upande wa kaskazini, na hakuna picha ya thamani ya hatari hiyo. Ukiambiwa pako shwari, ondoka Eldoret kungali giza. Jua la saa sita humfanya ndovu afanane na jiwe.

Ukibakiwa na siku, elekea Kitale. Mbuga ya Saiwa, ya mwaka 1974, ndiyo ndogo kuliko zote za kitaifa nchini, na humo nzohe (sitatunga) hutembea kwenye kinamasi kwa kwato ndefu zilizotanuka. Unatembea kwa miguu, unapanda mnara, unasubiri. Mlima Elgon nao una pango la Kitum, ambamo ndovu huingia gizani kukwangua chumvi ukutani kwa pembe. Huko flashi iache garini: ndovu aliyemo ndani ana njia moja tu ya kutokea, na ni hiyohiyo yako.